Sentimita Tisini Kutoka Sakafuni

Siku tulipoandikishwa katika kambi ya Dzaleka, Malawi, karani aliuliza swali jepesi: mko wangapi? Mimi nikasema wawili. Mama, aliyekaa kwenye benchi nyuma yangu na begi katikati ya miguu, akasema saba. Karani akainua kalamu. Akatutazama, akahesabu kwa macho: mmoja, wawili. Akahesabu tena. Nadhani alikuwa anakagua kama kuna watu chini ya benchi.

"Saba," mama akarudia. "Bawili njo hawa unaona. Bengine andika tu, banakuya."

Tukaandikwa wawili. Mama hakumsamehe yule karani. Miaka yote tuliyoishi pale, akipita mbele ya ofisi ile aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya duka lililompunja.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nauza vitenge katika soko la kambi, navifuata Lilongwe, na sijawahi kupokea bunda bila kulihesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mwenye duka ili ajue namwona, mara ya pili nikiwa nimeshakata kona ili nijue kama nilimwona kweli. Kwa hiyo wawili ilikuwa hesabu yangu na niliiona safi. Baba na koko, yaani nyanya yetu mzaa baba, tuliwazika wenyewe Bukavu kabla ya kuondoka. Dada alipata ndege. Yuko nchi ya theluji, anapiga simu kulalamika kwamba mawese ya huko hayana rangi. Kaka yetu mkubwa alitutangulia njiani, akasema tutakutana Uvira, na Uvira hatukumkuta. Huyo, katika hesabu yangu, nilikuwa nimeshamtoa. Sikumwambia mtu. Nilimtoa kimya kimya, kama unavyochomoa kitenge chenye doa ndani ya bunda ili vingine viuzike.

Ukimweka mama na mimi, hao ni sita. Wa saba ni mgeni. Kwa mama, nyumba isiyo na kiti cha mgeni si nyumba, ni bweni.

Watu husema jina Dzaleka ni maneno ya mfungwa, kwa Kichewa: nimeacha, sitarudia. Kabla yetu palikuwa gereza. Mimi nimefikiri sana ni kitu gani nisichotakiwa kurudia, na mpaka leo sijakiona.

Tulijenga chumba na nusu kwa matofali ya udongo. Kitu cha kwanza mama alichonituma sokoni hakikuwa sufuria. Ilikuwa sindano.

Bukavu alikuwa akiwafundisha wasichana wa parokia kudarizi. Salon yetu, yaani sebule, ilikuwa na viti vya mahameli vya rangi ya divai, na kila kiti kilikuwa na kitambaa kilichodariziwa, kimelazwa juu ya egemeo, ili mafuta ya kichwa yasiharibu mahameli. Kila mtu na kitambaa chake. Ukikaa kwenye kiti cha mwenzako unaambiwa, na hata mtoto alijua kichwa chake kinaegemea wapi. Viti vilibaki. Vitambaa pia vilibaki. Mama akaanza upya.

Alikata shuka moja tuliyogawiwa, vipande saba vinavyolingana. Uzi tuliufumua kwenye masweta ya kaunjika, mitumba ya huku. Nilikuwa najadiliana bei ya sweta lililotoboka kiwiko, muuzaji akidhani nalitaka la kuvaa, ananionea huruma, anapunguza. Sikumrekebisha. Jioni tunaketi, mimi nafumua, mama anakunja uzi kwenye mkebe wa maziwa.

Kitambaa cha baba alikidarizi miwani, kwa sababu baba alikuwa akiitafuta kila asubuhi huku ameivaa. Cha koko, mmea wa maharage. Cha mama mwenyewe, mistari ya buluu tu, ziwa lilivyoonekana dirishani. Cha dada, ndege wawili. Cha mgeni, kikombe chenye mvuke. Changu akakitia mizani ya dukani, na upande mmoja umeshuka kidogo. Nikamwuliza kwa nini haiko sawa.

"Niliishona vile ninavyokujua," akasema.

Cha kaka alikitia gita, kwa sababu alipiga gita katika kwaya. Alimaliza mwili wa gita, alimaliza shingo, akatia nyuzi nne kati ya sita, na hapo akaacha. Pindo la kile kitambaa hakulifunga. Kingo za shuka zilikuwa zinafumuka zenyewe, na sindano ilibaki imechomekwa kwenye uzi wa nne wa gita, na uzi wa kushonea unaning'inia.

Alipomaliza vile sita na nusu, akavitundika. Hakuvitundika kama watu wanavyotundika picha. Aliweka mkono wake usawa wa kiuno, pale egemeo la kiti lilipokuwa likimfikia akisimama, akapigilia misumari pale pale, kuzunguka chumba, kwa mpangilio ule ule wa Bukavu: baba akitazama mlango, koko karibu na jiko, kaka pembeni pa dirisha, mimi karibu na baba ili asiinuke kutafuta miwani. Chini tukatandika mkeka. Salon ikawa kamili, ila viti.

Jirani yetu, mama wa Kirundi aliyekuwa akiuza ndizi, aliingia siku ya kwanza akajitupa mkekani, kichwa kwenye gita.

"Inuka," mama akamwambia. "Hapo kuko muntu."

"Yoo! Wapi huyo muntu?"

"Hapo unapokalia."

Jirani akainuka, akapapasa ukuta, akapapasa mkeka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama we, kumbe hata viti visivyokuwapo vina wenyewe? Na mimi nikae wapi, kwa Mungu?"

"Kwa mugeni. Kwenye kikombe."

Akahamia kwenye kikombe. Kuanzia siku hiyo hakukosea, na wateja wake wa ndizi aliwaleta kutazama, akiwaelekeza mlangoni kama anauza tiketi: wewe usikae pale, pale ni kwa marehemu, wewe usiegemee pale, huyo yuko Ulaya, atakasirika.

Wakaja pia watu wengine, wale wa kamera, waliopiga picha za wakimbizi. Mmoja alimwomba mama atazame chini na asitabasamu. Mwingine, mwanamke mpole sana, alishauri kwamba ingefaa pia mama adarizi yaliyotokea, moto kidogo, askari wawili watatu, kwa sababu watu wa mbali wangeelewa upesi. Nilimtafsiria mama. Alifikiri kidogo, kwa heshima.

"Mwambie bunduki hazikukaaka ku salon yetu," akasema. "Sizitengenezei kiti."

Yule mwanamke aliandika maneno hayo kwenye daftari lake na akasema ni mazuri sana. Hakuyafuata, lakini aliyaandika.

Halafu akaja yule Mmalawi. Alikuwa kijana kidogo kuliko mimi, ameazimwa ghala tupu la tumbaku kule Kanengo, kaskazini mwa Lilongwe, na alikuwa anakusanya kazi za watu kwa maonyesho yanayohusu nyumbani. Vijana wanaochora pale kambini ndio waliomwelekeza. Aliingia, akavua kofia, akasimama katikati. Alizungusha macho mara moja taratibu, kisha akashuka mkekani na kukaa chini ya kikombe bila kuambiwa na mtu.

Mama akaniangalia. "Huyu mupe chai," akasema.

Alipomaliza chai alitoa futi ya kupimia, ile ya mkunjo. Hapo nikajua mazungumzo yameanza, nikajiweka sawa. Tulizungumza Kiingereza changu cha sokoni na Kichewa changu cha minibasi. Mama alijua maneno mawili tu ya Kichewa, zikomo, yaani asante, na ayi, yaani hapana, na la pili ndilo alilolijua vizuri zaidi. Kwa hiyo alikaa pale akitabasamu, akiniachia biashara.

Alitaka vitambaa vyote saba, kwa mwezi mmoja, kisha arudishe. Nikakubali. Kisha akasema atavitundika mita moja na nusu kutoka sakafuni, katikati ya kazi. Ndicho kipimo cha kila ukumbi, akasema, ndipo macho ya mtu mzima yanapofika.

"Sisi hatutundiki macho, achimwene," nikamwambia, nikimwita kaka kwa Kichewa. "Tunatundika migongo. Sitini."

"Sitini? Achemwali, watu watapiga magoti," akasema, naye akiniita dada.

"Watakaa. Hapa hukukaa?"

"Mia moja na arobaini."

Nilicheka kile kicheko ninachowachekea wenye maduka ya Lilongwe. "Hiyo ni bei ya mgeni. Sitini na tano."

Mama alitaka tisini. Tisini ndiko mkono wake ulikofika. Lakini hujawahi kuona mtu anaanza na bei anayoitaka, labda awe amechoka au anapenda. Nikapanda polepole, tano tano. Yeye akashuka kumi kumi, jambo lililoniambia kwamba hana uzoefu. Alipofika mia moja na kumi akasimama. Nikainuka, nikajifanya natoa msumari wa kitambaa cha baba. Hakushtuka. Nikaketi tena.

"Nikikupa tisini," akasema, "nawe nipe kitu." Alikuwa anatazama gita. "Hicho kimalizike. Nyuzi mbili na pindo. Watu walionipa ghala wanasema kazi za wakimbizi ni nusu nusu, hazifai ukumbini. Karatasi ya maonyesho imeshaandikwa kazi saba kamili. Sitaki kuwapa la kusema."

Nilikitazama kitambaa. Nyuzi mbili na pindo. Kwa mkono wa mama ilikuwa kazi ya nusu siku. Nilijiona nimeokota: sentimita ishirini nzima kwa nusu siku ya sindano.

"Hiyo imekwisha," nikasema, na tukashikana mikono.

Mama naye akampa mkono, akasema zikomo. Mgeni alipoondoka nikamgeukia kwa furaha ya mtu aliyetoka sokoni na chenji.

"Tisini, mama. Nimempeleka mpaka tisini!"

"Uwongo!"

"Kweli. Ila umalize gita tu, na pindo."

Aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti. Mama alikuwa na namna ya kushusha sauti iliyokufanya uinamie ili usikie adhabu yako.

"We mutoto. Ulimuuzishia nini?"

"Nyuzi mbili, mama."

"Baba yako nilifunga pindo sababu najua fasi analala. Koko vile vile. Dada yako najua iko wapi, hata nyumba yake nasikia simu inalia ndani. Wewe niko nakuona. Huyu mwingine najua wapi? Nikifunga pindo ni kama nafunga mulango, na yeye bado ako inje."

Hapo nikafanya kosa la pili. Jumapili mama alipokwenda kanisani mimi nilibaki, nikasema kichwa kinauma. Nilishusha kitambaa, nikachomoa sindano, nikaanza kukunja pindo. Nilijiambia namsaidia. Nilijiambia mtu akikuta kazi imekwisha analia siku moja, kisha anazoea. Nilikuwa nimeshona mishono kumi na moja, vibaya, maana mimi mkono wangu ni wa kukunja vitenge, mama aliposimama mlangoni. Kumbe mahubiri yalikuwa mafupi.

Aliingia. Alikaa mkekani chini ya ziwa lake, akachukua kitambaa magotini pangu, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kufumua. Alifumua mmoja mmoja kwa tundu la sindano. Alipomaliza alilainisha shuka kwa kiganja, akairudisha sindano kwenye uzi wa nne wa gita, pale pale ilipokuwa.

"Wewe ulishamutoa," akasema.

Nilitaka kukana. Nimekana mambo makubwa zaidi mbele ya polisi wa barabarani.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu karani. Ulisema wawili upesi sana. Hata hukuhesabu."

Hapo nililia, mimi ambaye wale wa kamera walikuwa wananitafuta machozi bila kuyapata. Mama aliniacha nilie. Kisha akaniambia niende kwa yule Mmalawi nikavunje biashara, na nisipoivunja yeye hatatoa hata kile cha mgeni.

Nilimpigia simu mara mbili. Haikushika. Mara ya tatu alipokea kukiwa na kelele za nyundo nyuma yake, nikasema kuna shida kuhusu kitambaa cha saba, akasema hakuna shida, leteni siku yenyewe, mradi kimalizike. Vile sita akatuma gari kuvichukua. Mama akaviachia kwa ahadi yangu kwamba nitamweleza uso kwa uso. Bei ngumu haivunjwi kwa simu.

Siku ya kufungua tuliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda minibasi ya asubuhi. Mama alikuwa na kitambaa cha kaka kifuani, ndani ya mfuko safi wa unga, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha sabuni ili isimchome. Tulishuka Kanengo. Hewa yote ilinukia tumbaku kavu, na malori yalikuwa yamejipanga mbele ya vinu vya unga.

Ndani ya ghala walikuwa wamepaka ukuta chokaa. Kulikuwa na michoro ya watu wengine, mizuri, mita moja na nusu kutoka sakafuni. Pembeni, kuzunguka kona, ndipo niliiona salon yetu. Miwani, maharage, ziwa, ndege, mizani, kikombe. Chini kidogo. Mfukoni nilikuwa na kamba niliyoifunga fundo penye tisini. Nikapima. Ilikuwa tisini. Nikapima na upande wa pili. Tisini. Yule kijana alikuwa ametimiza upande wake wa biashara barabara, na hilo lilinitia aibu kuliko kama angenipunja. Penye dirisha, nafasi ya kaka ilikuwa tupu, msumari ukingoja.

Alikuja akitabasamu, mikono ina chokaa. Mama akatoa kitambaa mfukoni. Tabasamu likapungua.

"Hakijamalizika."

"Hakitamalizika," nikasema.

"Tulikubaliana, achemwali. Tulishikana mikono."

"Tulishikana. Nilikuuzia kitu ambacho si changu. Sokoni kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa mwizi. Haya, niite mwizi, hata mbele za watu, nitaitika. Lakini mali inarudi kwa mwenyewe."

"Na tisini yangu?"

"Ilikuwa bei ya mali ya wizi."

Alipumua. Aliangalia mlangoni, ambako wale wa ghala, wanaume wawili wa tai, walikuwa wanashuka garini. "Basi nisikilize," akasema kwa sauti ya chini. "Hicho kibaki mfukoni. Vile sita nitavipandisha usawa wa vingine, viwe kazi sita kamili, nitasahihisha karatasi kwa kalamu. Hakuna atakayejua."

Nilimtafsiria mama. Neno kwa neno, safari hii sikuongeza wala kupunguza. Mama akasema, "Ayi."

Akaenda kwenye kitambaa cha baba, akakitoa msumarini. Akatoa cha koko. Alifuata mpangilio, akikunja kila kimoja mara nne na kukiweka begani pangu kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja. Wale wa tai waliingia wakati anatoa ndege wa dada. Mmoja akauliza nini kinaendelea. Kijana hakujibu. Nikamjibu mimi: "Tunahama. Tumezoea."

Nje, kati ya ghala na barabara, kulikuwa na uzio wa waya. Mama aliuangalia, akaweka mkono usawa wa kiuno chake, akagusa waya pale ulipofika. Tukaanza. Baba, koko, mama, tukivifunga kwa vipande vya uzi, na mbele ya uzio akatandika kanga yangu majanini badala ya mkeka. Baada ya mizani akanyoosha mkono nimpe gita. Akakifunga kwa ncha mbili za juu tu. Upepo wa barabarani ukawa unaupeperusha ule upande usio na pindo, na sindano inametameta juani.

Watu wa vinu walikuwa wanatoka kula. Wanawake wenye unga kwenye nyusi, wapakiaji, mwendesha kabaza aliyeegesha baiskeli na abiria wake bado amekaa nyuma. Walisimama. Mmoja akaniuliza, "Izi ndi zogulitsa?" Haviuzwi, nikamwambia, na nilisikia ajabu kinywani, kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Nikawaeleza: huyu ni baba, hapa alikuwa anakaa, huyu ni nyanya. Waliitikia kichwa. Mwanamke mmoja akaketi kwenye kanga chini ya kikombe, akafungua nsima yake, ugali wa huku, akala. Abiria wa kabaza akashuka. Wageni walioalikwa, waliokuja na magari kuingia ghalani, walikuta umati kwenye uzio, wakasimama kwanza pale.

Yule kijana alitoka peke yake. Nikasimama kama nilivyo, mkono kiunoni. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa anakuja na bei, na nilikuwa nimejiandaa kuikataa mara mbili.

Hakuja kwangu. Alimwendea mama, akachuchumaa kama wanavyofanya Wamalawi mbele ya mkubwa wao, akauliza bila kuniangalia: "Amayi, kwa nini hakimaliziki?"

Ndipo nilipotambua kwamba tulipiga bei saa nzima siku ile, sentimita kwa sentimita, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza mama swali hilo.

Nikatafsiri. Mama akajibu bila haraka, akimwangalia yeye.

"Mwambie ni kitambaa ya mutoto wangu wa kwanza. Iko njiani. Muntu iko njiani hauwezi kumufungia pindo. Siku nitajua fasi iko, hata kama ni fasi mubaya, nitamaliza mi mwenyewe. Haitakuwa sababu ya karatasi ya muntu."

Nikatafsiri yote. "Hata kama" niliirudia, ili aisikie vizuri.

Kijana alikigeukia kile kitambaa. Kisha akauliza mtoto huyo anaitwa nani. Mama akataja jina. Hilo halikuhitaji mkalimani. Akalirudia, akalikosea katikati. Mama akamsahihisha. Akalikosea tena. Yule mwanamke wa nsima akalijaribu, naye akalipata, na watu wakamcheka kijana. Mara ya tatu akalisema sawasawa, na mama akafumba macho kidogo. Ilikuwa miaka mingi jina lile halijatoka kwenye kinywa kisicho cha nyumbani kwetu. Kinywani kwangu mimi pia.

Kijana akainuka, akanigeukia. "Tisini," akasema. "Vyote saba. Nitawaambia wale wenye ghala mimi mwenyewe."

"Na sindano?"

"Na sindano."

"Themanini na tano," nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo una mazoea yake.

Mama alinifinya juu ya kiwiko, pale anaponifinya tangu utotoni. "Wacha weye." Akaanza kufungua nyuzi kwenye uzio. Vile sita akanipa mimi. Cha kaka alikishika mwenyewe kwa muda, kisha akamnyooshea yule kijana.

"Mwambie yeye njo atabeba huyu," akasema.

Sikuwa na haja ya kumwambia. Alikipokea kwa mikono miwili iliyotanuliwa, kama mtu anayepokea beseni lililojaa maji, sindano ikining'inia mbali na shati lake, akatembea taratibu kuelekea mlangoni. Wapakiaji wakampisha. Wanaume wa tai, waliokuwa wamesimama kizingitini, walimtazama, wakatazama kile alichobeba, nao wakasogea upande.